Habari za PlayStation na Mchanga Mweusi wa Kivu

Katika gazeti letu la shule nimekwisha kusoma habari za chai ya Shagasha, habari za saruji ya Bugarama, na habari za wavuvi wa sambaza wa ziwa Kivu. Zote zilinifurahisha, maana ni vitu vya kwetu. Bali sijamwona bado aliyeandika habari za kitu kimoja ambacho wanafunzi hukitaja kila Jumamosi wakishuka Kamembe, yaani ile mashine ya michezo iitwayo PlayStation. Watu hudhani ni kitu cha Wajapani tu, nasi tunakichezea kama wageni. Mimi nataka kuonyesha kwamba habari zake zinatugusa kuliko tunavyodhani. Mwanzo wa habari hizo uko Tokyo, na sehemu yake nyingine iko ng'ambo ya mto Rusizi, katika milima ambayo sisi wa Gihundwe tunaiona kila siku.

Tena nina sababu ya pili. Muhula uliopita kulitokea mabishano makali katika bweni letu. Upande mmoja ulisema kwamba PlayStation ndiyo iliyoleta vita vya Kongo, kwa sababu ndani yake mna madini ya Kivu. Basi mwenye kucheza mchezo huo anacheza na damu ya watu. Upande wa pili ulisema huo ni uzushi mtupu. Hayakuwa maneno ya mzaha, maana miongoni mwetu wako wenye jamaa waliokufa katika vita vile. Nikaona heri kutafuta habari kwa utaratibu, tarehe kwa tarehe, kuliko kushindana kwa sauti. Nimesoma, nimewauliza walimu na watu wazima, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kampuni ya Sony ilianzishwa Tokyo mwezi wa Mei 1946 na mabwana wawili, Masaru Ibuka na Akio Morita. Vita Kuu ya Pili ilikuwa haijatimiza mwaka tangu kwisha, na mji ulikuwa bado magofu. Wao walifanya kazi ndani ya nyumba ya duka kubwa lililokuwa limeharibiwa vitani. Hapo kwanza kampuni iliitwa Tokyo Tsushin Kogyo. Jina la Sony lilikuwa jina la kampuni nzima mwaka 1958. Kitu kimoja walichojaribu mwanzoni kilikuwa chombo cha mbao cha kupikia wali kwa umeme. Hakikufaa hata kidogo: wali ulitoka mbichi, au ulitoka umeungua. Hawakukata tamaa. Mwaka 1955 walitoa redio ndogo ya transista, na mwaka 1979 walitoa Walkman, kile chombo cha kaseti kilichomwezesha mtu kusikiliza muziki huku akitembea. Lakini michezo ya televisheni haikuwa kazi yao.

Kazi hiyo ilikuwa ya kampuni nyingine ya Kijapani, Nintendo ya mji wa Kyoto. Hii ni ya zamani zaidi. Ilianza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata za kuchezea. Mwaka 1983 ilitoa mashine iliyoitwa Famicom, ambayo huungwa na televisheni ya nyumbani, na kwa miaka mingi Nintendo ikatawala michezo ya watoto wa Japani na Marekani.

Katika Sony palikuwa na fundi mmoja, Ken Kutaragi. Alimwona binti yake akicheza Famicom, akasikia kwamba sauti yake ni duni. Akaanza, kwa siri, kuwatengenezea Nintendo chipu bora ya sauti, nayo ikatiwa katika mashine yao mpya ya mwaka 1990, Super Famicom. Wakubwa wengi wa Sony walikasirika walipopata habari, lakini rais wa kampuni, Norio Ohga, alimkinga. Kisha kampuni hizo mbili zikapatana kutengeneza mashine itakayosoma sahani za CD, na Sony ikalitangaza jambo hilo katika maonyesho ya Chicago mwezi wa Juni 1991. Kesho yake, katika maonyesho yale yale, Nintendo ikatangaza kwamba itaifanya kazi hiyo pamoja na Philips ya Uholanzi! Rais wa Nintendo, Hiroshi Yamauchi, alikuwa ameona kwamba mkataba wa kwanza uliipa Sony mamlaka makubwa juu ya michezo ya CD, naye hakupenda kuyatoa. Sony ikaaibika mbele ya watu wote.

Wengi ndani ya Sony walisema heri kuiacha kazi hiyo, maana michezo ni mambo ya watoto. Kutaragi alishikilia kwamba waendelee peke yao, na Ohga akamruhusu. Mwezi wa Novemba 1993 ikaundwa kampuni mpya kwa kazi hiyo, na tarehe 3 Desemba 1994 PlayStation ya kwanza ikaanza kuuzwa Japani. Mwezi wa Septemba 1995 ikafika Marekani, kwa bei ya dola 299, na Ulaya vilevile. Basi mashine hii ni mtoto wa mkataba uliovunjika. Aliyefukuzwa mlangoni alikwenda kujenga nyumba yake mwenyewe.

Kwa nini ilishinda? Sababu kubwa ilikuwa ile sahani. Nintendo ilipotoa mashine yake ya Nintendo 64 mwaka 1996, ilikuwa bado inatumia kaseti ngumu zenye chipu ndani. Kaseti kubwa kuliko zote ilichukua megabaiti 64. Sahani moja ya CD huchukua kama 650, yaani mara kumi. Tena kaseti ilikuwa ghali, na ilibidi kuagizwa mapema kabla mwenye mchezo hajajua kama mchezo wake utapendwa. Bali sahani ni rahisi, na zikipungua hupigwa nyingine upesi. Kwa hiyo watungaji wa michezo walihamia Sony mmoja baada ya mmoja. PlayStation ikawa mashine ya kwanza ya michezo ya nyumbani kupita milioni 100. Ubaya wake ni kwamba sahani hunakiliwa kwa urahisi, na nakala zisizo halali zikajaa masokoni, hata kwetu.

Tarehe 4 Machi 2000 ikatoka PlayStation 2. Hiyo iliweza kusoma sahani za zamani na kuonyesha filamu za DVD pia, basi hata baba wa nyumba aliona inamfaa. Ilitengenezwa mpaka mwanzoni mwa mwaka 2013, ikauzwa zaidi ya milioni 155, hesabu ambayo hakuna mashine ya michezo iliyoifikia kabla yake. Msomaji, ushike sana mwaka huo wa 2000, maana tutaurudia.

Sasa tufungue kifuniko, tutazame ndani. Kila chombo cha namna hii, kiwe simu, kompyuta au mashine ya michezo, kina vidude vidogo viitwavyo kapasita. Kazi yake nitaieleza kwa mfano wa nyumbani. Bomba la maji likiwa linatoka na kukatika, mama huweka jerikani. Maji yakija, jerikani hujaa. Yakikatika, nyumba hutumia ya jerikani bila kuona upungufu. Kapasita ndiyo jerikani ya umeme. Hujaa na kutoa mara nyingi sana katika sekunde moja, ili chipu ipate umeme ulio sawa daima.

Mwalimu wetu wa fizikia ametufundisha kwamba kapasita ni mabamba mawili yaliyotengwa na kitu kisichopitisha umeme. Mabamba yakiwa mapana, huchukua umeme mwingi; na kile kinachoyatenga kikiwa chembamba, huchukua mwingi zaidi. Lakini utatiaje mabamba mapana katika kitu kidogo kama punje ya muhindi? Hapo ndipo inapofaa metali iitwayo tantali. Unga wa tantali huunganishwa kwa moto mkali mpaka uwe kama sifongo, wenye vitundu visivyohesabika, na kuta za vitundu hivyo zikikunjuliwa zingekuwa pana mno. Kisha kwa nguvu za umeme kuta hizo hufunikwa na ganda jembamba sana lisilopitisha umeme. Hivyo kitu kidogo hubeba kingi. Hii ndiyo sababu tantali ilitafutwa sana watu walipoanza kutaka simu ziingiazo mfukoni.

Tantali iligunduliwa mwaka 1802 na Msweden, Anders Gustaf Ekeberg. Aliona kwamba hata ikitiwa ndani ya asidi, hainywi kitu. Akaipa jina la Tantalo, mfalme wa hadithi za Wayunani, ambaye adhabu yake ilikuwa kusimama ndani ya maji huku ana kiu, na kila akiinama kunywa, maji yanakimbia. Nitaacha msomaji ajifikirie mwenyewe ni nani wengine duniani wanaosimama ndani ya mali bila kuinywa.

Mawe yenye tantali huitwa koltani. Ni changarawe nyeusi, na huchimbwa milimani Kivu na hapa Rwanda pia. Uzito wake hushinda mchanga wa kawaida mara mbili au tatu, na hiyo ndiyo hekima ya wachimbaji: huutia udongo katika maji ya kijito na kuuchezesha kwa sepetu, mchanga mwepesi ukachukuliwa na maji, na koltani ikabaki chini.

Mwanzoni mwa mwaka 2000, ratili moja ya tantali iliyo katika mawe, yaani kama nusu kilo, ilikuwa dola 30 hadi 40 katika soko la dunia. Mwishoni mwa mwaka huo ilikuwa imepita dola 200. Viwanda vya simu na kompyuta vilikuwa vimeagiza kapasita nyingi kuliko zilizokuwapo, wafanya biashara wakaogopa upungufu, wakanunua na kuficha, na bei ikaruka. Mashine mpya ya Sony ilitajwa katika magazeti pamoja na simu kuwa mojawapo ya vitu vilivyoongeza haja hiyo.

Habari hizo zilipofika Kivu, watu waliacha mashamba. Nina shahidi katika ukoo wetu. Mume wa shangazi yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kalehe, na kwa muda mrefu alikuwa hajalipwa mshahara. Mwaka ule aliweka chaki chini, akashika sepetu. Alinieleza kwamba kwa juma moja aliweza kupata kuliko alivyopata darasani kwa miezi. Nikamwuliza kama walijua kitu kile kinakwenda kufanya kazi gani. Akacheka, akasema: "Mwanangu, wengine walituambia ni cha kutengenezea ndege, wengine mabomu. Sisi tulijua bei ya leo tu." Mwaka 2001 bei ilianguka, na kabla ya mwisho wa mwaka ilikuwa imerudi karibu na pale ilipoanzia. Yeye alikuwa amenunua mifuko ya wenzake kwa deni. Alirudi nyumbani na deni lile, akakuta darasa lake halina watoto, kwa maana wavulana wakubwa walikuwa wamemfuata machimboni.

Na hayo yalikuwa madogo. Kivu wakati ule ilikuwa vitani tangu mwezi wa Agosti 1998, na majeshi ya nchi kadhaa yalikuwa ndani ya Kongo, ya nchi yetu yakiwamo. Wenye bunduki walitoza kodi katika machimbo na njiani. Mwezi wa Novemba 2000 waasi wa RCD, waliotawala Goma na Bukavu, waliipa kampuni moja tu ruhusa ya kuuza koltani nje. Mwezi wa Aprili 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa taarifa iliyoeleza jinsi mali za Kongo zinavyochukuliwa na kuendesha vita, wakayataja majeshi ya nchi jirani. Katika hifadhi ya Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu, wachimbaji walioingia msituni walikula nyama ya mwitu. Gorila wa sehemu ya milimani walipungua karibu nusu kati ya mwaka 1996 na 2000, na tembo wa sehemu hiyo wakawa karibu kwisha.

Basi nirudi katika mabishano ya bweni. Je, PlayStation ndiyo iliyoleta vita? Tutazame tarehe. Vita vilianza Agosti 1998. PlayStation 2 iliuzwa mara ya kwanza Machi 2000. Mtoto hawezi kumzaa baba yake. Tena, bei ya koltani ilianguka mwaka 2001, na mashine nyingi za PlayStation 2 ziliuzwa baada ya mwaka huo. Kama yeye ndiye aliyeipandisha bei, mbona haikubaki juu? Tena, wakati ule tantali nyingi ya dunia ilitoka Australia, si Kivu. Na mwezi wa Februari 2025, miaka kumi na miwili baada ya PlayStation 2 kuachwa kutengenezwa, vita vilifika tena Bukavu. Kwa hiyo wenye kusema kwamba mchezo uliwasha moto hawasemi kweli.

Lakini upande wa pili nao wasishangilie bado. Moto usipowashwa na kuni, huendelea kwa kuni. Kila aliyenunua simu, kompyuta au mashine ya michezo wakati ule bila kuuliza, alitupa kijiti kimoja. Kijiti kimoja si kitu, lakini vilitupwa mamilioni, na waliochoma mikono hawakuwa Tokyo wala New York.

Kwa nini hakuna aliyeuliza? Hapa pana jambo ambalo lilinifungua macho. Koltani ikishasafishwa na kuyeyushwa, tantali ya Kalehe na tantali ya Australia ni kitu kimoja. Hakuna fundi awezaye kuifungua mashine na kusema kipande hiki kilitoka mlima fulani. Asili ya metali hujulikana mahali pamoja tu, penye shimo, kabla haijaingia katika tanuri. Kwa hiyo mwezi wa Julai 2010 Marekani ilitunga sheria iliyozitaka kampuni zilizoandikishwa katika masoko yake ya hisa zichunguze kama bati, tantali, wolframu na dhahabu yao inatoka Kongo au nchi za jirani, na kutangaza waliyoyaona. Sony imo kati ya kampuni hizo. Na katika machimbo ya Rwanda mifuko ikaanza kufungwa vitambulisho vyenye namba. Ni hatua njema, ila haijamaliza kazi: wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba koltani ya Kivu huvushwa kwa magendo na kupata vitambulisho vya nchi jirani. Kitambulisho ni kipande cha plastiki tu. Ukweli wake unatokana na mtu anayekifunga.

Leo mtoto wa yule mwalimu, binamu yangu, ana chumba cha michezo Kamembe. Kina televisheni tatu na mashine tatu za PlayStation 2 zilizonunuliwa zikiwa kuukuu. Wateja hulipa faranga mia kwa mechi moja ya mpira. Mashine ikifa, binamu yangu huifungua, husafisha lenzi, hubadilisha kapasita iliyovimba, ikafufuka. Amejifunza kwa kutazama tu, naye ni fundi hodari. Baba yake hukaa mlangoni jioni, akisikiliza kelele za vijana.

Ndugu zangu, hapa ndipo ninapoona fundisho lenyewe. Katika safari hii ndefu sisi tumesimama pande mbili: mwanzoni, penye sepetu, na mwishoni, penye mashine kuukuu. Katikati kuna kazi nyingi ambazo bado hatujazishika: kupima mawe, kusafisha metali, kuchora chipu, kuandika mchezo, kusoma mkataba kabla ya kuutia sahihi. Kutaragi hakuwa na uchawi. Alikuwa na fizikia, hesabu, na mkubwa aliyemruhusu kujaribu. Fizikia na hesabu tunazo hapa Gihundwe, ubaoni, kila siku. Kwa hiyo anayeshuka Kamembe Jumamosi acheze, simkatazi. Lakini Jumatatu, mwalimu atakapoandika neno kapasita, asisinzie, maana habari hiyo ni ya nyumbani kwake.

Nanyi wanafunzi wa zamani, mliokuwa watu wazima mwaka 2000, wakati mkoa wetu ulipokuwa bado ukiitwa Cyangugu, nina ombi moja. Mengi niliyoyaandika nimeyapata vitabuni, nanyi mliyaona kwa macho. Yeyote anayekumbuka mifuko ile, bei zake, na watu waliokwenda ng'ambo wasirudi, amwandikie Mhariri. Sisi tuliozaliwa baadaye tunabishana gizani, na taa iko mikononi mwenu.